Utepe juu ya jezi: Dynamo ya Bujumbura katika kombe la basketi la Afrika, 2024

Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, mjini Pretoria, Afrika ya Kusini, wachezaji wa Dynamo, ekipe ya basketi ya Bujumbura, waliingia uwanjani wakiwa wamebandika utepe upande wa mbele wa jezi zao. Chini ya utepe ule kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, "Visit Rwanda", yaani tembelea Rwanda. Walicheza hivyo dakika zote 40, wakawashinda Cape Town Tigers ya Afrika ya Kusini pointi 86 kwa 73. Ilikuwa mara ya kwanza klabu ya Burundi kucheza katika kombe hilo, na ikaanza kwa kushinda wenyeji.

Jumanne iliyofuata, Dynamo haikuwa tena mashindanoni. Hakuna aliyewashinda. Walitolewa kwa ajili ya utepe.

Kisa hiki ni cha majirani, lakini Kindu kuna sababu ya kukisimulia. Maniema inapakana na Kivu zote mbili, na vita vilivyofanya jezi ile iwe mzigo ndivyo vilivyoleta familia za wahami hadi kwenye mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Kijana aliyeacha Goma au Bukavu na mpira wake wa basketi anajua vizuri jina la Rwanda likoje kifuani. Asichojua pengine ni jinsi lilivyofika huko, na nani aliyelipa siku mtu alipokataa kulivaa.

Mashindano yenyewe yanaitwa Basketball Africa League, kwa kifupi BAL. Kombe la mabingwa wa klabu za Afrika lilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, likichezwa kwa taabu, mara nyingi kwa siku chache tu katika mji mmoja, bila televisheni wala fedha za maana. Mwaka 2019, NBA ya Marekani na FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huo, zilitangaza kwamba zitaunda kombe jipya lenye klabu 12. Msenegali Amadou Gallo Fall akawekwa kuwa raisi wake. Lilitakiwa kuanza Machi 2020 kule Dakar, Covid ikalizuia. Likaanza Mei 2021 mjini Kigali, ekipe zote 12 zikifungiwa pamoja kwa wiki mbili kwa sababu ya ugonjwa, na Zamalek ya Cairo ikachukua kombe kwa kuipiga Monastir ya Tunisia 76 kwa 63.

Kigali haikuchaguliwa kwa bahati. Rwanda ilikuwa imejenga ukumbi mkubwa wa michezo na kuufungua mwaka 2019, na serikali yake ilikuwa tayari kulipa. Mpango ulikuwa uleule uliokwisha kuandika "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi za Arsenal tangu 2018, na kuingia Paris Saint-Germain mwaka 2019. Nchi ndogo isiyo na bahari inanunua nafasi mahali ambapo macho ya dunia yako, watalii wanakuja kuona sokwe, wenye mikutano wanakodi hoteli. Kibiashara ni hesabu isiyo na kosa. Ofisi ya maendeleo ya Rwanda ikawa mshirika wa BAL tangu mwanzo, na kila mwaka, kuanzia 2021 hadi 2024, fainali zikachezwa Kigali.

Wakongomani nao walikuwa ndani ya jambo hili. Marehemu Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyefariki Septemba 2024, alikuwa mmoja wa wachezaji wa zamani walioweka mali yao katika NBA Africa mwaka 2021. Na mwaka 2022, msimu wa pili, Kongo ilipata mwakilishi wake wa kwanza katika BAL: Espoir Fukash. Ilicheza Cairo mwezi wa Aprili katika kundi moja na Zamalek, Petro de Luanda ya Angola, FAP ya Kameruni, Cape Town Tigers na Cobra Sport ya Sudani Kusini. Ekipe nne kati ya sita zilipaswa kwenda Kigali. Espoir Fukash haikuwa kati ya hizo nne.

Labda kwa wachezaji wale ilikuwa huzuni, lakini iliwaepusha na njia ngumu. Maana Mei ile ya 2022, wakati ekipe nane zinacheza Kigali, M23 walikuwa wanapigana na jeshi la Kongo kule Rutshuru. Siku zilezile za fainali, mwishoni mwa Mei, serikali ya Kinshasa ilisimamisha ndege za RwandAir zisitue tena Kinshasa, Lubumbashi wala Goma. Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Juni, Bunagana ikaanguka. Kama Espoir Fukash ingefuzu, Kongo ndiyo ingejikuta mbele ya swali ambalo Burundi ilikuja kulijibu miaka miwili baadaye. Swali lilipita juu ya kichwa cha Kongo, likatua Bujumbura.

Dynamo walifuzu mwishoni mwa 2023, katika mechi za mchujo zilizochezwa Johannesburg kwa klabu za upande wa mashariki na kusini mwa Afrika. Wao, City Oilers ya Kampala na Cape Town Tigers ndio waliopata tiketi. Burundi inapenda basketi kuliko wengi wanavyofikiri, na Bujumbura walishangilia. Furaha haikukaa mwezi. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2023, watu wenye silaha walishambulia Vugizo, karibu na Gatumba, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo na njia ya Uvira. Serikali ya Burundi ilisema watu 20 waliuawa, wengi wao watoto. Kundi la RED-Tabara, ambalo kwa miaka limekuwa na maficho Kivu ya Kusini, lilikiri kushambulia lakini likasema liliua askari na polisi. Raisi Évariste Ndayishimiye akaishitaki Rwanda kwamba inalilisha kundi hilo. Kigali ikakana. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga mipaka yake na Rwanda.

Wakati huohuo, askari wa Burundi walikuwa Kongo, wakipigana upande wa jeshi la taifa. Na mwezi mmoja kabla ya Pretoria, tarehe 7 Februari, Leopards walisimama Abidjan kabla ya nusu-fainali ya kombe la mataifa dhidi ya Kodivaa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kichwani kama bunduki. Dunia iliitazama picha ile, ikalia kidogo, ikaendelea na mpira. Lakini ile ilikuwa ishara ya kabla ya mechi. Ikiisha, filimbi inapulizwa. Hakuna sheria ya CAF iliyovunjwa, na hakuna mchezaji aliyekosa mechi.

Jezi ni jambo lingine. Jezi iko katika mkataba.

Msimu wa nne wa BAL, ule wa 2024, ulipangwa katika miji minne. Ekipe 12 ziligawanywa katika makundi matatu: la Kalahari likicheza Pretoria mwezi wa Machi, la Nile likicheza Cairo mwezi wa Aprili, la Sahara likicheza Dakar mwezi wa Mei. Kila kundi lilikuwa na ekipe nne, kila ekipe ikicheza mechi sita. Nane bora zingekutana Kigali. Kundi la Kalahari lilikuwa na Dynamo, Cape Town Tigers, FUS ya Rabat na Petro de Luanda.

Klabu inayoingia BAL haileti jezi zake kutoka nyumbani. Inapewa jezi na waandaaji, zikiwa na rangi za klabu, jina la klabu, na majina ya wale waliolipia mashindano. Klabu inasaini kukubali hayo. Kwa klabu ya Afrika Mashariki ambayo hata nauli ya ndege inaitafuta kwa kuomba, huo ni mkataba mzuri: ndege, hoteli, viatu, jezi, televisheni, vyote vinatolewa. Hakuna mtu anayesoma kifuani wakati anapewa tiketi.

Mtu aliyesoma ni yule wa Bujumbura. Vyombo vya habari vya wakati ule viliripoti kwamba agizo lilitoka juu, kwa wakubwa wa nchi: Warundi hawatavaa jina la Rwanda. Ndipo utepe ukapatikana. Ni njia ambayo kila mzazi wa huku anaielewa. Ukizuiwa na huyu na kulazimishwa na yule, unatafuta cha katikati. Na kwa mechi moja njia hiyo ilifaa. Waandaaji waliwaacha wakacheza, pointi 86 zikaingia.

Jumapili tarehe 10 Machi, Dynamo walipaswa kucheza na FUS ya Rabat. Safari hii walielezwa kwamba utepe haukubaliki. Mechi haikuchezwa. BAL ilitoa tangazo fupi kwamba Dynamo wamepoteza mechi kwa kukataa kufuata kanuni za mavazi. Jina la Rwanda halikuwa moyo wa tangazo lile, wala vita, wala Gatumba. Kanuni za mavazi. Tarehe 12 ilikuwa zamu ya Petro de Luanda. Hawakucheza tena. Na kanuni za mpira wa basketi ni wazi: ekipe inayokosa mechi mara mbili inaondolewa. Dynamo wakaondolewa, kundi la Kalahari likabaki na ekipe tatu.

Hapa ndipo watu hugawanyika, hata Kindu wakilizungumza.

Wako wanaosema Dynamo walisaini, na anayesaini anavaa. Hoja hii haiwezi kutupwa. Mashindano yakiruhusu kila nchi kuziba jina la adui yake, hakuna mwenye fedha atakayelipa tena, na klabu maskini ndizo zitakazoumia kwanza. Wako wengine wanaosema jina la nchi si jina la sabuni. Ukimvalisha mtu tangazo la sabuni, hakuna aliyezikwa kwa ajili ya sabuni hiyo. Ukimvalisha jina la serikali ambayo nchi yake inaishitaki kwa kuua watu wake, umemtia katika siasa kwa nguvu, kisha unamwambia michezo haina siasa. Mwezi uleule wa Aprili uliofuata, jambo la namna hiyohiyo lilitokea katika soka: USM Alger ya Algeria ilikataa kucheza na RS Berkane ya Moroko, kwa sababu jezi za Berkane zilikuwa na ramani ya Moroko iliyomeza Sahara Magharibi. CAF iliipa Berkane ushindi. Kwa hiyo Warundi hawakuwa wendawazimu wa peke yao.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, lakini ina shimo lake. Mkataba ulijulikana tangu Novemba, siku Dynamo walipofuzu. Mipaka ilifungwa Januari. Walioamua kwamba jina lile halivaliki walikuwa na wiki nane nzima za kuliambia BAL, kujadiliana, au kuiondoa klabu kabla haijapanda ndege. Hawakufanya hivyo. Waliwaacha vijana wafike Pretoria, washinde, ndipo uzito wote ukawekwa juu ya mabega yao katika chumba cha kuvalia. Viongozi hawakukosa mechi hata moja. Waliokosa ni wachezaji, na mchezaji wa basketi Burundi anapata nafasi ya kuonekana na dunia nzima mara moja katika maisha, kama anaipata.

BAL nayo haitoki safi. Ukichukua fedha za serikali moja katika eneo lenye vita, halafu ukazikaribisha klabu za majirani wa serikali hiyo, umejua tangu mwanzo kwamba siku kama ile itakuja. Kulikuwa na nafasi ya kuacha jezi za klabu fulani zibaki tupu, na tangazo libaki ukutani na sakafuni kwenye uwanja. Utepe wa tarehe 9 ulionyesha kwamba mechi inaweza kuchezwa na hakuna kinachobomoka.

Msimu uliendelea. Petro walifuzu kutoka Pretoria. Cairo, klabu ya Libya, Al Ahly ya Benghazi, iliwashangaza wengi. Dakar, APR, klabu ya jeshi la Rwanda, ilishindwa kufuzu, hata fainali za Kigali zikachezwa bila ekipe ya nyumbani. Jumamosi tarehe 1 Juni 2024, Petro de Luanda iliifunga Al Ahly ya Benghazi 107 kwa 94. Kwa mara ya kwanza kombe la BAL lilienda kusini mwa Sahara. Misimu mitatu iliyotangulia lilichukuliwa na Zamalek, Monastir na Al Ahly ya Cairo. Waangola walistahili. Walikuwa wamepoteza fainali ya 2022 kwa Monastir, na mwaka huu walicheza kama watu wenye deni.

Baada ya hapo, swali la jezi lilitoka Bujumbura likasafiri mbali. Katikati ya 2024, maseneta wawili wa Marekani, Marsha Blackburn na Jeff Merkley, mmoja wa Republican na mwingine wa Democratic, waliandikia NBA barua kuihoji kuhusu urafiki wake na serikali ya Kigali. Jibu la NBA lilikuwa kwamba inafuata mwongozo wa serikali ya Marekani kuhusu nchi za kufanyia kazi. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern München akiziomba ziache matangazo ya Rwanda. Tarehe 20 Februari 2025, Marekani yenyewe ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, kwa ajili ya M23. Miezi mitatu baadaye, Mei 2025, kundi moja la BAL lilicheza Kigali kama kawaida. Fainali za mwaka ule zilikuwa Pretoria, na kombe likaenda Tripoli.

Kisha mambo yakaenda pande zote mbili kwa pamoja. Arsenal ilitangaza kwamba mkataba wake na Rwanda utaisha mwaka 2026. Paris ilirefusha wa kwake. Los Angeles Clippers, klabu ya NBA kabisa, ilitangaza Septemba 2025 kwamba itavaa "Visit Rwanda" kwenye jezi.

Na Kongo? Kongo iliingia sokoni. Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilisaini na AS Monaco, na AC Milan, kisha na Barcelona, ili jina la nchi lionekane kwenye mavazi na viwanja vyao. Mkataba wa Barcelona peke yake uliripotiwa kuzidi euro milioni 40 kwa miaka minne. Serikali ilieleza kwamba ni kuitangaza nchi kama moyo wa Afrika. Familia iliyolala chini ya turubai ikitafuta unga wa muhogo ina haki ya kufanya hesabu yake yenyewe juu ya fedha hizo. Lakini maana yake haifichiki: Kinshasa iliyowaomba Wazungu wavue jina la Rwanda, sasa inawalipa wavae la Kongo.

Kindu ni mji wa soka kabla ya basketi, na Maniema Union imekwisha kuonyesha umbali ambao klabu ya hapa inaweza kufika: msimu wa 2024-2025 ilicheza makundi ya ligi ya mabingwa wa Afrika, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR, ikipokea wageni wake Kinshasa badala ya kando ya Lualaba. Siku klabu ya basketi ya mashariki mwa Kongo itakapofuzu BAL, karatasi ya mkataba italetwa mezani, na sehemu ya jezi itakuwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Wa kuisoma mapema ni shirikisho na wizara, sio mlinzi wa pete wa miaka 22 aliyekwisha kufunga kamba za viatu.

Kuhusu ile mechi moja ya Dynamo, kuna jambo moja la kuongeza. Cape Town Tigers, waliofungwa na Warundi kwa tofauti ya pointi 13 siku ya utepe, walivuka kundi la Kalahari, wakaenda Kigali, wakafika nusu-fainali. Walimaliza msimu wakiwa wa nne katika Afrika yote.